Bima ya safari ya nje: ya viza, ya dunia nzima, ya mwaka au ya kwenye tiketi, ipi inakufaa ukitokea Unguja au Pemba

Mtu akishaambiwa safari yake inataka bima, suali lake la mwanzo ni "shilingi ngapi?", na wakala wa tiketi nae keshayazoea haya, anakutolea ile ya chini kabisa, anaiprinti, unaitia kwenye faili pamoja na barua ya benki na picha za pasipoti, basi. Kwa viza inaweza ikapita vizuri tu. Tabu inakuja mtu akiugua kweli huko alokokwenda, ndo familia inaanza kuisoma karatasi kwa mara ya kwanza, usiku, kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anapiga picha ukurasa wake.

Kwa hiyo mimi nazilinganisha kwa njia nyengine: unakwenda wapi, nani anaekwenda, na ukipiga simu saa nane za usiku nani atapokea. Bei naiweka mwisho.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja mana naona watu wengi wanauchanganya. Ile bima ya dola 44 ilioanza tarehe 1 Oktoba 2024 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar ni ya wageni wanaoingia kwetu, inawachukua siku 92 wakiwa hapa hapa. Wewe unaetoka haikuhusu hata kidogo, na binamu yako wa London akija nayo kutembea haimfai kitu akisharudi kwao. Na kadi ya ZHSF (ule Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar), au NHIF kwa walioajiriwa Bara, hiyo ni ya matibabu ya ndani, usiende nayo Istanbul ukaitegemea.

Haya sasa, ya viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na ya dunia nzima.

Sheria ya viza ya Schengen inataka vitu vichache lakini inavitaka kamili: kava (yaani kiasi ambacho bima inaweza kulipa) isiopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen (sasa ni 29, tokea Romania na Bulgaria zilipoingia kikamilifu Januari 2025), ichukue siku zote utakazokaa, na iwe na matibabu ya dharura, kulazwa, na gharama za kukurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa au ukifariki. Imeishia hapo. Begi haikulitaja, ndege kuchelewa haikuitaja, pochi kuibiwa kwenye treni ya Paris haikuitaja. Kwa hiyo kampuni ilokuuzia ya bei rahisi haijakudanganya, imekupa kile ubalozi ulichotaka na si zaidi.

Kuna mtego wa sarafu hapo. Baadhi ya kava zinaandikwa kwa dola, sasa mtu anaona 30,000 anafurahi, kumbe dola 30,000 haifiki euro 30,000 na faili linarudishwa. Angalia alama ya pesa kabla hujaangalia tarakimu. Na nyengine: kama viza yako ni ya kuingia mara nyingi, ubalozi unataka uthibitisho wa bima ya safari ya kwanza tu, zile safari za baadae ni juu yako kujikatia, na hapa ndo watu wanapopanda ndege mara ya pili hawana kitu mfukoni wakidhani ile ya mwanzo bado inaendelea.

Ziweke mbili hizi juu ya meza, kwa mfano tu wa vile zinavyoandikwa. Ya viza utakuta matibabu euro 30,000, kwenye kila tukio euro mia ya mwanzo unabeba mwenyewe, jino likiuma ghafla unapewa kidogo, begi ama halimo au limo kwa jina, na ukitoka nje ya Schengen imekufa. Ya dunia nzima utakuta matibabu dola 100,000 na kuendelea, ile sehemu ya kubeba mwenyewe ni ndogo au haipo, begi limo, kuchelewa kumo, kuvunjika kwa safari kumo. Lakini usiishie kwenye jina, mana "dunia nzima" zenyewe ziko mbili, iko yenye Marekani na Kanada na iko isiyokuwa nazo, na tofauti ya bei ni kubwa kwa sababu hospitali za Marekani ni balaa, siku chache tu za kulazwa zinaweza kula maelfu kwa maelfu ya dola. Mtu anaekwenda Dubai na Guangzhou akilipia yenye Marekani ametupa pesa, na anaekwenda Washington na isiyokuwa na Marekani amebeba karatasi ya kufungia karanga.

Maoni yangu: kijana mzima anaekwenda semina ya wiki moja Berlin, ya viza inamtosha, asijitese. Lakini akiwa anapitia Istanbul anataka kulala siku mbili atembee, ile ya Schengen pale haipo kabisa kwa sababu Uturuki haimo, na Uingereza haimo vile vile. Watu wengi wa kwetu safari zao za Ulaya zinachanganya, unashuka Copenhagen kwa dada, unavuka kwenda London kwa mjomba, unarudi kwa Doha. Safari ya namna hiyo chukua ya dunia nzima isiyokuwa na Marekani, hakikisha tu kwenye cheti imeandikwa kwamba inakubalika Schengen kwa euro 30,000 au zaidi.

Uingereza yenyewe haikulazimishi bima kwa viza ya matembezi, na kwa hilo wengi wanakwenda bila. Wanasema "kule hospitali bure". Ni bure kwa wakaazi. Mgeni wa matembezi akiingia chumba cha dharura anatibiwa bila kulipa pale, ila akishalazwa wodini anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama ya NHS (huduma ya afya ya serikali ya kule), na deni lisipolipwa linaweza kumkwamisha akija kuomba viza tena. Anaekwenda kusoma au kukaa zaidi ya miezi sita ni hadithi nyengine, yeye analipa ile ada ya afya wakati wa kuomba viza, pauni 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi 776, na baada ya hapo anatibiwa kama mwenyeji. Huyu bima ya safari anaitaka kwa begi na ndege tu, ya matibabu makubwa asilipie mara mbili.

Umra: bima ya matibabu ya dharura imo ndani ya gharama za viza ya umra, kwa hiyo kikundi kinachoondoka na wakala hakihitaji kuhangaika na hili. Wanaokosa ni wale wanaounganisha, wamemaliza ibada wanapitia Muscat kwa jamaa wiki mbili au Dubai kununua vitu, kule ile bima ya Saudia haiwafuati. Hizo siku za mwisho ndo za kukatia bima yako.

India sasa, na hapa naomba mnisome taratibu. Watu wetu wengi wanakwenda Chennai, Mumbai, Delhi kwa ajili ya kutibiwa, moyo, figo, mgongo, saratani. Bima ya safari HAILIPI matibabu ulokwenda kuyafuata. Hata moja. Si ya viza, si ya dunia nzima, si ya bei ghali. Bima ya safari inalipa lile ambalo hukulitegemea wakati unaondoka, sasa wewe una viza ya matibabu na barua ya daktari mkononi, utasemaje hukulitegemea? Anaefaidika zaidi na bima hapo ni msindikizaji. Bi mkubwa anakwenda kufanyiwa operesheni, mtoto wake anaemuuguza akaanguka ngazini akavunjika mguu, huyo mtoto ndo bima inamuhusu. Kwa mgonjwa mwenyewe, bima inaweza kusaidia kwa begi na ndege, ukiikata ukate ukijua hivyo.

Hilo linatuleta kwa wazee wetu wenye presha na sukari, ambalo kwangu mimi ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye ulinganisho huu. Karibu kila mkataba una kifungu cha maradhi alokuwa nayo mtu kabla ya safari, kipo ukurasa wa ndani ndani huko, herufi ndogo, na kinasema kwa maneno tofauti kitu kimoja: ugonjwa ulokuwepo, au ulotibiwa karibuni, au unaoutumilia dawa, haulipiwi. Ukizisoma mbili tatu kwa pamoja utaona hazifanani. Moja inasema haulipiwi kabisa. Nyengine inasema utalipiwa kwa dharura ya kuokoa maisha tu, hadi kiasi fulani kidogo, mpaka hali itulie. Nyengine inakubali kuuchukua ugonjwa ukiutaja kwenye fomu na ukaongeza pesa. Kwa mzee wa miaka 70 anaekwenda kumuona mwanawe Sweden, hii ya pili na ya tatu zina thamani kuliko begi la dola elfu mbili, na tofauti ya bei hata ikiwa mara mbili mimi ningelipa.

Na fomu ikiuliza "una maradhi yoyote" usimjazie mzee "hapana" ili bei ishuke. Kule hospitali daktari atamuuliza dawa anazotumia, ataandika, faili litakwenda kwa kampuni, na madai yote yanaweza kuanguka hata kama alichougua hakina uhusiano na presha. Angalia na umri vile vile, kampuni nyingi bei inapanda mtu akivuka 65 au 70, na ziko zenye ukomo wa umri kabisa ambazo wakala mvivu anaweza kukuuzia bila kuuliza tarehe ya kuzaliwa.

Jengine kwa familia ni maiti. Hatupendi kulizungumza lakini limo kwenye bima nyingi. Kusafirisha maiti kutoka Ulaya hadi uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, kunachukua siku na karatasi nyingi, na wengi wetu tunataka mtu azikwe haraka huko huko aliko. Sasa tizama: baadhi ya kava zinalipa kurudisha maiti tu, zikiambiwa familia imeamua kuzika kule hazina kipengele cha kulipia. Nyengine zinalipa ama kurudisha ama kuzika kule hadi kiwango fulani. Muulize wakala waziwazi, asikuone mkosi.

Wafanyabiashara mnaokwenda Dubai, Guangzhou, Istanbul mara kwa mara, ulinganisho wenu ni bima ya safari moja moja na ya mwaka mzima. Ya mwaka unalipa mara moja unaingia na kutoka utakavyo, lakini kila safari ina ukomo wa siku, nyingi zinaishia 90 hivi, ukikaa zaidi siku zilizozidi hazimo. Piga hesabu yako mwenyewe: chukua bei ya safari moja kwa siku unazokaa kawaida, zidisha kwa safari zako za mwaka, ukiona inakaribia ile ya mwaka chukua ya mwaka hata ikizidi kidogo, kwa sababu faida yake nyengine ni kuwa hutasahau kukata ile safari ya ghafla ya siku tatu ulopigiwa simu leo unaondoka kesho.

Msidanganyike na neno begi lakini. Begi kwenye bima ya safari ni nguo zako na vitu vyako. Mzigo wa biashara haumo: simu kumi na tano ndani ya boksi, vitambaa vya madera majora mazima, vipodozi, hivyo ni mali ya kuuza na vinataka bima ya mizigo. Hata kwa vitu vyako mwenyewe kuna kiwango cha jumla na kiwango cha kitu kimoja kimoja, karatasi inasema dola 1,500 kubwa kubwa halafu chini kitu kimoja kisizidi dola 150, sasa laptopu yako ya milioni mbili utapewa hizo. Dhahabu na pesa taslimu mara nyingi hazimo kabisa, kwa hiyo zile bangili za harusi usizitie kwenye begi la kukabidhi, vaa.

Na kabla hujalipa zaidi kwa sababu ya begi kumbuka shirika la ndege lenyewe linawajibika. Chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa wajibu wa mashirika ya ndege, ambao Tanzania imo, begi likipotea, kuharibika au kuchelewa shirika linaweza kuwajibika hadi SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha pesa cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria (kiwango hiki kimepanda tarehe 28 Disemba 2024), hiyo ni kama dola elfu mbili hivi. Begi lilovunjika unatakiwa uandike malalamiko ndani ya siku 7, lilochelewa ndani ya siku 21 tokea ulipolipata. Ila ripoti uifungue pale pale uwanjani kabla hujatoka, si kesho yake. Kwa hiyo mimi sehemu ya begi naipa alama ndogo nikilinganisha, kampuni zinaipamba mana ndo mteja anaielewa kwa haraka.

Sasa wapi ununue. Ile ya kutia tiki wakati unakata tiketi mtandaoni ni rahisi na inavutia, dola kadhaa tu, lakini nyingi ni za wakaazi wa nchi fulani na mara nyengine Tanzania haimo kwenye orodha, mfumo unapokea pesa bila kukuuliza, unakuja kujua siku ya kudai. Na inafuata safari ya ile tiketi tu. Ya kadi ya benki, zile kadi za daraja la juu, baadhi zina bima ya safari ndani yake kwa sharti kwamba tiketi uwe umeilipia kwa kadi hiyo hiyo, kwa hiyo kama umelipa kwa wakala taslimu umeshajitoa mwenyewe. Omba benki wakupe cheti kilichoandikwa jina lako, ubalozi hautaki kuona kadi inayong'ara. Ya kampuni ya nje mtandaoni, mfano zile za AXA kwa Schengen, cheti kinakuja kwa imeili muda huo huo na balozi zinazijua, udhaifu wake ni kuwa ukiwa na mgogoro unagombana kwa imeili na mtu asiyekujua. Ya kampuni ya hapa unaweza kwenda ofisini ukakaa kwenye kiti ukasubiri, na hilo si jambo dogo, na juu yake iko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ambayo unaweza kuipelekea malalamiko.

Kwa wale wanaosita kwa sababu ya riba na gharar (mkataba wenye mambo yasio na uhakika), kuna takaful, yaani bima ya Kiislamu, na hapa kwetu kuna ZIC Takaful. Michango inawekwa kwenye mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana na kampuni inalipwa kwa kuusimamia. Ukienda uliza kama wanayo ya safari za nje, kisha ilinganishe kama nyengine yoyote: kiwango, maradhi ya zamani, na nani anaewawakilisha huko nje. Kuwa takaful hakuiondolei mtihani wa herufi ndogo.

Wapemba tuna letu. Ndege inaondoka Unguja usiku, wewe uko Wete au Mkoani, na bahari ya kusi unaijua, boti inaahirishwa kwa upepo bila kukuuliza. Kava za bei ya chini nyingi kukosa ndege kwa sababu hiyo hazina. Zenye kipengele cha kukosa usafiri zinataka uthibitishe uliacha muda wa kutosha, na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari kabla hujakata bima, umeingia kwa macho yako. Nauli ya boti ya siku moja kabla na kulala kwa shangazi Michenzani ni rahisi kuliko nyongeza yoyote ya bima. Vile vile vita: Qatar ilipofunga anga yake tarehe 23 Juni 2025 watu walikwama njiani, na vita ni kitu ambacho mikataba mingi imekiondoa, hapo unalishikilia shirika la ndege likupangie safari nyengine.

Ukishabakisha mbili za kuchagua fanya hivi: itafute ile namba ya msaada ya saa 24 kwenye cheti, ipige kabla hujalipa. Ikiwa haipokelewi, au anaepokea hajui kampuni yako ni ipi, jibu umeshalipata. Hiyo namba ndo bima yenyewe, mana wengi wanataka upige kabla ya kulazwa (au ndani ya saa chache baada yake) ili wao waiandikie hospitali barua ya kulipa, usipopiga unaweza kuambiwa lipa mwenyewe utarudishiwa, na kurudishiwa kunataka risiti za asli, ripoti ya daktari, mihuri ya pasipoti, vipande vya tiketi, na ripoti ya polisi kama umeibiwa. Namba itie kwenye simu yako na ya mtu mmoja nyumbani anaejua kuzungumza nao. Na cheti kama umenunua kwa wakala kihakikishe kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, au ofisini kwa kampuni yenyewe.

Bei ndo hapo sasa iingie. Kata baada ya kujua tarehe zako, ongeza siku mbili tatu mbele kwa ajili ya ndege kubadilika, na uliza kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: viza ikikataliwa, pesa ya bima inarudi? Kampuni nyingi zinairudisha, pengine zikikata kidogo, ila kwa sharti uwapelekee barua ya ubalozi ya kukataliwa kabla ya ile tarehe ya kuanza kava. Nauli ya ndege haimo katika hilo, kukataliwa viza mara nyingi hakuhesabiwi kama sababu ya kuvunja safari, kwa hiyo tiketi iwe ya kuweka nafasi tu mpaka pasipoti irudi.